Mfano wa Jumapili

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya amesinzia, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele, ambako mama mchungaji alikuwa akimpa somo binti anayekaribia kuolewa na mchungaji mwingine.

"Mwanangu, usikubali kuwa mfano wa mahubiri! Wangu akinitaja tu mimbarini, wiki nzima anaosha vyombo."

"Lakini mama, kutajwa si heshima?"

"Heshima gani? Kanisa zima linajua ninavyokoroma!"

Fundi akabana kicheko. Jumapili ya mahubiri hayo alikuwepo kanisani.

"Kwa hiyo siku hizi hakutaji tena?" binti akauliza, macho yamemtoka.

Simu ikalia. Mama akasikiliza, uso ukachanua. "Sabuni iko chini ya sinki, Baba Mchungaji."

Basi likasimama kituo cha fundi. Wala hakuinuka.