Dawa ya Sukari ya Nashipae

Pale Sakina, ukiiacha barabara ya Nairobi na kushika njia ya vumbi, kuna benchi mbele ya gereji ya pikipiki. Jamani, pale hutibiwa kila kitu: injini, ndoa, serikali, hata vidonda vya tumbo. Madaktari wenyewe ni wawili. Wa kwanza ni Rodrick, anayeitwa Daktari Redio kwa sababu husikiliza vipindi vya afya akasinzia katikati. Wa pili ni Loishiye, dalali wa ng'ombe, jina la kijiweni Mitamba. Mwenye gereji ni Lesian, nao wanamwita Spana. Asubuhi hiyo mlima Meru ulijifunika mawingu, baridi inauma. Aikaeli muuza kahawa hajamaliza kumimina vikombe vya kwanza, Spana akatoa pakiti ya vidonge kwenye mfuko wa ovaroli. Alijua fika kwamba mambo ya mke hayaletwi kijiweni, lakini moyo ulikuwa umemjaa.

— Hizi za nani? — Redio akazidaka.

— Za Nashipae. Nimezikuta nyumbani. Nikapita duka la dawa, wakaniambia ni metformini, dawa ya sukari.

— Kwani mkeo ana sukari?

— Si ndiyo najua leo, aisee!

Mwaka wa nne wa ndoa, mtoto hakuna, mama yake Spana anauliza kila Jumapili wakitoka ibadani, na sasa kumbe mkewe anaumwa na hamwambii. Hilo la kutoambiwa lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

— Chalii yangu, umefichwa! — Redio akasema. — Wahenga walisema mficha uchi hazai. Unaona sasa? Ndiyo maana hamna mtoto!

— Methali hiyo siyo ya hivyo, — Aikaeli akasema.

— Wewe mimina kahawa.

— Lakini hospitali alikwenda kwa ajili ya huyo mtoto, — Spana akasema. — Siku zake zilikuwa hazionekani, miezi inapita. Wakampiga picha ya tumbo, wakakuta vijiuvimbe vidogo vingi kwenye vifuko vya mayai. Wakamwambia apunguze na uzito. Sasa mayai na sukari wapi na wapi?

— Mafaili yamegongana hayo! — Redio akadakia. — Kuna babu mahali fulani ana sukari, kapewa dawa ya kushika mimba!

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Hata Spana alicheka, halafu akajuta.

Loishiye akakohoa.

— Nina neno, ila msinipige. Mtamba akinenepa kupita kiasi hashiki mimba. Ukimpunguzia pumba...

— We Mitamba! — Redio akafoka. — Unamwita shemeji ng'ombe?

— Sijamwita! Nasema mwili ni mwili.

— Nyamaza kabisa!

Akanyamaza, maskini, na siku hiyo ni yeye peke yake aliyeusogelea ukweli.

— Unene ni heshima, — Redio akaendelea, amechangamka. — Nashipae akikonda, watu watasema humlishi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo nayo inahusu nini? — Aikaeli akauliza.

— Mafuta si yanaelea? Tena kuna sindano za sukari, wenye hela wanachomwa ili wakonde, nimesikia redioni. Dawa hizi zinanyonya sukari yote mwilini. Ya mke ikiisha, zinahamia kwa anayelala naye. Hebu jiangalie, Spana, suruali si imeanza kukupwaya?

Spana akajikuta ameshika mkanda.

— Na kweli, wiki za kwanza alipotoka hospitali tumbo lilimwendesha, — akasema kwa woga.

— Sumu hiyo! Tupa mtaroni!

Muda wote huo mama mmoja mtu mzima, mgeni pale, alikuwa amesimama kando ya pikipiki ya mwanawe yenye pancha. Jina lake Silantoi.

— Shikamoo, yeyo, — Spana akamwamkia, maana kwao ndivyo mama anavyoitwa.

— Marahaba, mwanangu. Samahani, nimesikia tu. Hizo dawa ulizikuta wapi?

— Mezani.

— Meza ipi?

— Ya chakula. Pembeni ya chumvi.

— Mnapokula wote wawili?

— Ndiyo.

— Na siku aliyotoka hospitali alikwambia nini?

Spana akakumbuka. Siku ile Nashipae alieleza habari ya picha na uzito, akataka kuendelea na ya dawa, na kwenye runinga kulikuwa na mpira. Akamwambia, mambo ya kike hayo, malizaneni na daktari. Aibu ikamshika hadi masikioni.

— Haya, — mama akasema. — Na leo asubuhi amemeza nini?

Redio akatazama ndani ya kikombe. Loishiye akatazama mlima.

Spana akasogea pembeni, akapiga simu.

— Nashipae, dawa ninazo mimi.

— Wewe! Nimezitafuta mpaka uvunguni, nikadhani nimechanganyikiwa!

— Una sukari?

— Sina. Nilitaka kukueleza siku ile. Daktari alisema kuna homoni inayoongoza sukari, mwili wangu hauisikii vizuri, ndiyo inayovuruga mayai na kuniongezea uzito. Dawa inausaidia usikie. Jana nimeona siku zangu.

Moyo ukamshuka. Miaka yote neno hilo lilikuwa msiba nyumbani kwao.

— Pole, mke wangu.

— Usinipe pole, Lesian. Mwezi wa pili huu zinakuja zenyewe. Daktari alisema zikirudi, tumaini lipo. Nimefurahi mno jana, na sikuwa na wa kumwambia.

Machozi yakamlenga Spana, akayafuta kwa mkono wenye oili.

— Usile kwanza, — akasema. — Naja tule wote, umeze.

Akarudi benchini, akaichukua pakiti mapajani mwa Redio.

— Haya, anasemaje? — Redio akauliza, tayari amejiweka sawa. — Tueleze tuendelee.

— Ameniambia mimi, — Spana akasema, akawasha pikipiki.