Mteule na Cherehani

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, mguu mmoja umeegemea tofali, mbele ya duka la vipuri vya baiskeli lililofungwa siku nyingi. Kahawa anauza Birika. Mzee Methali ni karani mstaafu: ana methali kwa kila jambo, ila huwa ni ya jambo lingine. Mimi wananiita Digrii, na wanavyolitamka utadhani ni ugonjwa wa ngozi. Asubuhi hiyo alikuja pia Lalasalama, mlinzi aliyeachishwa kazi kwa sababu ambayo jina lake limeshaieleza. Alikuwa amekumbatia cherehani ya mkono iliyofungwa kwa shuka, na uso unang'aa kama sufuria mpya. Nikajua huyu kapata kitu. Nikasogea kumpa nafasi, tena nafasi ndogo.

— Jamani, kuanzia leo niiteni Mteule, — akasema Lalasalama.

— Umeteuliwa kulala wapi tena? — nikamuuliza.

— Nimepata kazi, bwana. Kazi ya nyumbani.

— Hiyo hata mimi ninayo. Jana nimepiga deki na kuosha masufuria, mama hajanilipa mpaka sasa.

— Cheka tu. Ni ya online hii. Soma mwenyewe, si una digrii?

Akanipa simu. “Hongera Mpendwa Mteule! Umechaguliwa miongoni mwa maelfu kufanya kazi ukiwa nyumbani kwako. Tuma ada ya kufungua akaunti kabla ya saa saba mchana.”

Miongoni mwa maelfu! Mimi nimetuma maombi mpaka kibodi za kafe zimefutika herufi. Halafu wanamchagua mtu aliyeibiwa geti akiwa ameliegemea.

— Uliomba lini?

— Sikuomba. Wameniona wenyewe.

— Intavyuu?

— Hawana mambo hayo.

— Ofisi yao iko wapi?

— Humo humo kwenye simu.

— Come on, bro! Kazi hukuiomba, hakuna aliyekuhoji, ofisi haina mlango, halafu wewe ndiye unayewalipa, tena mbio mbio kabla ya saa saba! This is a scam, my friend. Utapeli mtupu! Ukishatuma tu, wanakublock.

Kila neno lilikuwa la kweli, lakini lilitoka na mate. Wenzangu wakasikia mate tu.

— Pole, Digrii, — Birika akasema. — Unaumwa.

— Siumwi!

— Mbona mshipa wa shingo umesimama? Wangekuchagua wewe, ungeita utapeli?

Nilichelewa kujibu. Kijiweni, kuchelewa ni jibu. Wakacheka mpaka benchi likatoka kwenye tofali.

— Mimi najua walivyomchagua, — Birika akaendelea, akinimiminia. — Simu ina jicho pale mbele. Wamemtazama wee, wakaridhika. Huko kwao ikiwa mchana huku ni usiku, sasa wanataka mtu wa kukesha.

— Huyu? Kukesha?

— Basi wamemwona anavyolala. Mwenye usingizi ule hana siri.

— Si jicho, ni pua, — Mzee Methali akasema. — Kompyuta za siku hizi zinanusa. Ukigusa simu, kidole kinaacha jasho, linakwenda mpaka kwao. Sasa jasho la msomi lina uchachu wa malalamiko. Ndiyo maana mwanangu Digrii wanampita kama mkojo wa ukutani.

— Mzee, with all due respect...

— Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Lalasalama atachumia kivulini, kwa hiyo akalie wapi? Hana pa kulilia! Ametoka!

Hapo Birika akaacha kumimina. Nikaona ule ugonjwa wangu umemhamia.

— Ndugu yangu, hebu nitumie hiyo namba.

— Ngoja niingie mimi kwanza.

— Kahawa ya mkopo unaijua, namba huijui?

— Unataka kuniwahi!

— Na mimi niunganishwe, — Mzee Methali akasema, akisogeza makalio karibu na simu. — Tena mimi kabla ya Birika, ana kelele.

Hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake vizuri tena.

— Na hiyo cherehani? — nikauliza.

— Namngoja fundi wa mtaa wa pili aje ainunue. Ndiyo ada.

— Si ya shemeji hiyo?

— Atafurahi. Nataka nimshtukize.

— Iuze! — Mzee Methali akasema. — Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguoni kuna nini? Cherehani!

Mkewe akatokea kwenye kona, kitambaa cha sare za shule kimelala begani. Alikwisha kukikata, kimebaki kushonwa. Akasimama, akaitazama shuka yake, akamtazama mumewe.

— Shemeji, mumeo kapata kazi, — Birika akawahi.

Uso wake ukafunguka. Nilitegemea matusi, nikaona furaha, furaha ya kweli kabisa.

— Eti baba watoto? Ya wapi?

— Ya nyumbani. Online.

— Mungu mkubwa! Utakuwa unafanya nini?

Lalasalama akafungua mdomo.

— Nitakuwa... nafungua akaunti.

— Ukishaifungua?

Akamgeukia Mzee Methali. Mzee akakohoa, kwa mara ya kwanza wahenga walikuwa hawajasema kitu. Birika akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Digrii, — Lalasalama akaninong'oneza, na hakukuwa na kejeli, — kwani watanipa kazi gani?

Nilikuwa na jibu. Nililitema mapema, likiwa chungu. Sasa lilipohitajika, nikajitia kurudisha tofali chini ya benchi.

Mwanamke akasubiri. Furaha ikamshuka usoni taratibu, kama maji kwenye karai linalovuja. Akainama, akachukua cherehani yake, akaiweka kichwani.

— Ukishaijua, njoo uniambie. Utanikuta nyumbani, nina kazi.

Lalasalama akanyanyuka, akamfuata, akimshikia kitambaa. Simu ameiacha kwenye benchi. Ikabidi Birika ampigie mbinja.

Ndipo yangu ikatetemeka mfukoni. “Hongera Mpendwa Mteule!” Neno kwa neno. Nikailaza kifudifudi kwenye paja, haraka, nikatupa jicho kwa Birika na Mzee, wasije wakaona.

— Nani huyo? — Birika akauliza.

— Hakuna mtu.

Na moyo, mshenzi yule, ulikuwa unacheka: miongoni mwa maelfu.