Bi. Hawah Yakubu, Aliyemfuata Sidonie Hadi Koboko

Baada ya miaka ishirini na minane ya uuguzi, Bi. Hawah Yakubu anastaafu tarehe 30 Juni 1977. Wodi ya watoto hapa Arua itabaki na vitanda vyake. Sauti yake ndiyo tutakayoikosa.

Alizaliwa Koboko, akaanza kwa kuchemsha sindano, akapanda hadi kuwa mkuu wa wodi. Jumamosi alikuwa uwanja wa mpira wa Onduparaka, akimfundisha refa kazi kwa kelele kutoka pembeni. Mtoto wa refa mmoja alipolazwa kwetu, baba yake alikuja kumwona kwa kunyata.

Lakini watu wanamjua zaidi kwa watoto wenye saratani ya taya. Dawa mpya ilipofika, daktari alitueleza kwamba chembe ya mwili ikitaka kugawanyika hujenga nyuzi za protini za kuivuta pande mbili. Dawa huzuia nyuzi hizo, na chembe hufa kabla haijawa mbili.

Mwaka 1973 aliletwa Sidonie, binti wa Anicet, Mkongo aliyeuza vitenge Koboko. Uvimbe ulikuwa umeziba jicho. Baada ya sindano ya kwanza ulinywea, mtoto akaomba muhogo. Asubuhi moja tukakuta kitanda kitupu.

Bi. Hawah alipanda lori la tumbaku hadi Koboko, akamkuta Anicet sokoni.

"Mama, mutoto iko muzima," Anicet alisema. "Sasa dawa yenu inatoa nywele yake. Tuache."

"Nywele itarudi, baba Sidonie. Dawa inakamata chembe ile iko inagawanyika siku hiyo. Ingine iko imelala. Ikiamka na dawa haiko, uvimbe inarudi."

Anicet alimtazama binti yake, aliyekuwa akicheza chini ya meza.

"Mpaka lini?"

"Mpaka daktari aseme basi. Mimi nitakaa na yeye."

Anicet akafunga vitenge, wakarudi wote watatu.

Si kila mtoto alipona, na Bi. Hawah aliwalilia waliotutoka bila kujificha. Sidonie alimaliza dawa. Leo anasoma shuleni Ediofe. Baba yake kila akija Arua hupita wodini, akaketi karibu na mzazi anayefungasha mizigo. "Mimi pia nilikimbia," humwambia. "Kaa."

Sasa Bi. Hawah anakwenda Kuluba kulima muhogo na simsim. Asante, dada yetu mkubwa. Mvua ikunyeshee kwa wakati, mwili ukutii, na wajukuu wakuache ulale mpaka jua lipande.