Kornelis Ola Hurint, Mwalimu Aliyelinda Bao Moja

Ndugu na jamaa, nanyi mliovuka asubuhi hii kutoka Larantuka kuja kusimama nasi: tunayemlaza leo ubavuni mwa wazazi wake ni Kornelis Ola Hurint. Wengine mlimwita Baba, wengine Mwalimu, na wengi wenu mlimwita Komeo, tena mkiwa mmekaa jukwaani na midomo imejaa mahindi. Jina hilo alilijua, wala halikumuudhi.

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1950 hapa Lewokoli, kisiwani Adonara, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yakobus Hurint, mgema tembo, na marehemu Mama Rosa Barek. Chemchemi ya kijiji wakati huo ilikuwa bondeni, na watoto walipanda na maji katika mabomba ya mianzi. Kornelis alipanda polepole mno, hata wenzake wakakataa kuongozana naye. Walifika nyumbani wakicheka, nusu ya maji imebaki njiani. Yeye alifika jua limekwisha sogea, na bomba lake limejaa hadi mdomoni. Mama yake alikuwa hajui amsifu au amchape, maana chungu kilikuwa kimemsubiri muda wote huo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha akavuka kwenda Larantuka katika chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1969. Huko ndiko alikovaa viatu vya mpira kwa mara ya kwanza, viatu vya kuazima vilivyombana vidole. Alicheza beki wa kati. Hakuwa na mbio, ila alikuwa na macho. Mshambuliaji alipofika mahali, alimkuta Kornelis amekwisha fika.

Mwaka 1973 aliichezea timu ya wilaya huko Ende. Walikwenda mapumziko wakiongoza kwa bao moja. Jukwaani walikuwapo wakubwa, na kocha wao akataka kuwafurahisha. Akaamuru timu nzima ipande mbele. Wakafungwa matatu kwa moja. Kisa hicho wanawe walikisikia mara nyingi kuliko hadithi yoyote ya Biblia, na kila mara alikimaliza kwa maneno yaleyale: walikuwa na kitu mkononi, wakakiweka chini ili wapige makofi.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Mama Agata Kewa. Mambo ya mahari yalisimamiwa na mjomba wake, marehemu Mzee Stefanus, mtu aliyependa kubishana kuliko kula. Upande wa bibi harusi walitaka pembe ya ndovu yenye urefu wa mkono mzima, na baada ya kata ya tembo la mnazi kuzunguka mara kadhaa wakasema pembe fupi kidogo ingetosha. Mzee Stefanus alipata moto, akataka aendelee kubishana hadi kwenye idadi ya mbuzi. Kornelis, ambaye kwa desturi hakutakiwa kufungua kinywa, akamvuta shati.

"Mjomba, wamekubali," akamnong'oneza. "Tunyamaze, twende nyumbani."

Mama Agata alipenda kuwaambia wageni kwamba hata yeye aliolewa kwa mchezo uleule: bao likapatikana, timu ikarudi nyuma.

Kazi ya ualimu wa michezo aliifanya Larantuka kuanzia mwaka 1970 hadi alipostaafu mwaka 2010, na timu ya wilaya alikabidhiwa mwaka 1981. Wachezaji wake aliwafahamu hadi majumbani. Aliyeumia mguu alimtembelea, akakaa kitandani kwake na kuuliza habari za nguruwe na za mama mzazi kabla hajaugusa huo mguu. Uwanjani hakupiga kelele. Timu yake ilianza vizuri, ikashambulia pande zote mbili, watu wakasimama. Lakini mara tu bao lilipoingia, Mwalimu aliinuka kwenye benchi, akanyoosha viganja viwili mbele yake na kuvishusha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Hapo wote walijua. Mshambuliaji mmoja alitoka, beki mmoja aliingia, na mechi iliyobaki ikachezwa mbele ya lango lake mwenyewe. Jukwaa likaanza kumwimba: Komeo, usisahau madirisha. Komeo, na paka yuko nje.

Mara nyingi alishinda. Hilo nalo lisemwe, kwa kuwa aliposhinda watu walisema timu ilikuwa nzuri, na alipopata sare walisema kocha ni mwoga.

Katika nyumba yake alikulia Vinsensius Lipat, mtoto wa kaka yake Mama Agata, ambaye sote tunamwita Sensi. Aliletwa akiwa mdogo ili asome mjini, akawa mshambuliaji ambaye wilaya hii haijapata mwingine wa kumfananisha naye. Tarehe 12 Novemba 1988 timu ilicheza fainali ya mkoa mjini Kupang. Watu wa klabu moja ya Surabaya walikuwa wamekuja kumtazama Sensi, na nyumba nzima ilijua. Mama Agata alimfulia jezi yeye mwenyewe kwa mikono.

Sensi alifunga kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili kikaenda, na dakika ishirini kabla ya mwisho Mwalimu akainuka, akashusha viganja vyake, akamtoa Sensi na kumwingiza beki. Kijana alitembea hadi kwenye benchi akakaa, akajifunika uso kwa taulo. Wapinzani walisawazisha kwa mpira wa kona zikiwa zimebaki pumzi chache. Ikaja mikwaju ya penalti, na mpigaji bora wa penalti katika mkoa mzima alikuwa amekaa chini ya taulo. Wakashindwa. Watu wa Surabaya walikuwa wameondoka kabla hata ya penalti. Hawakuwa na wa kumtazama tena.

Meli ilipofunga gati Waibalun, bandarini palijaa watu na hakuna aliyepaza sauti. Ndicho kilichomuumiza Mwalimu, alisema baadaye. Kelele angeweza kuzivumilia. Alipita katikati yao na begi la mipira begani, hadi mwanamke mmoja muuza mahindi ya kuponda alipomsimamisha kwa upole.

"Mwalimu, ungekuwa unauza haya mahindi," alimwambia, "ukiuza fungu la kwanza ungefunga kibanda."

Alimwitikia kwa kichwa akaendelea na njia.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Sensi alikula, akaosha sahani yake, akalala. Baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata alipanda meli kwenda Sabah kufanya kazi kwenye mashamba ya michikichi, kama walivyofanya vijana wengi wa rika lake. Mama Agata alimsindikiza. Mwalimu alibaki shuleni akifundisha, na alipoulizwa kwa nini hakwenda bandarini, alijibu kuwa alikuwa na kipindi. Usiku wa siku hiyo mkewe alimwambia neno moja tu.

"Umemtoa mara mbili."

Mwalimu hakubadilika. Hili familia inalisema bila kulipamba. Mwaka 1994 timu ilifika fainali tena, safari hii mbele ya watu wetu wenyewe. Wakapata bao, na yeye akainuka na viganja vyake. Jukwaa likazomea, mtu akamrushia ganda la ndizi likamkaa begani. Alilitoa, akaliweka chini ya benchi, akamwingiza beki mwingine. Mechi ikaisha moja bila. Waliozomea ndio waliombeba juu hadi kanisani. Alipokuwa huko juu ya mabega yao, alisikika akiwaomba wamshushe polepole.

Sensi alirudi mwaka 2003 na mke na watoto wawili, mwili umejaa na nywele zimeanza kupungua. Siku ya kwanza walizungumza habari za meli na bei ya samaki. Siku ya pili wakaketi kibarazani na bakuli la mahindi, na Mwalimu ndiye aliyeanza, bila kuulizwa.

"Ile siku ya Kupang," alisema, "nilikosea dakika. Wazo sikukosea."

Sensi akatafuna kwanza. "Ulitakiwa uniache kwa muda gani?"

"Dakika kumi zaidi."

"Baba, kwa dakika kumi ningefunga mengine mawili."

"Au ungepoteza mpira, tukafungwa mapema zaidi."

"Na wale wa Surabaya?"

Mama Agata, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, anasema mumewe aliitazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Wale sikuwafikiria," alisema. "Nilifikiria bao tu. Hilo ndilo kosa langu, Sensi, na siwezi kulirudisha."

Sensi alimsogezea bakuli. Kuanzia jioni hiyo wawili hao walibishana juu ya zile dakika kumi kila walipokutana, kwa miaka mingi, kwenye ubatizo, kwenye misiba, mbele ya maaskofu, na Mama Agata alisema kuwa nyumba yake ilikuwa imepona.

Mwaka 2009 Sensi alikabidhiwa timu ya wilaya, akamwomba Mwalimu akae naye kwenye benchi. Fainali ilikuwa Kupang tena. Wakapata bao mapema, na kadiri muda ulivyokwenda Sensi akaanza kumtazama mzee kwa pembe ya jicho. Mwishowe akamuuliza wafanyeje. Mwalimu alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

"Timu ni yako," akamwambia. "Mimi usiniulize, unajua nitakachosema."

Sensi akawaacha washambuliaji wake wote uwanjani, wakaenda kutafuta la pili. Walilikosa mara mbili, mara moja mpira ukagonga mwamba. Kisha wakafungwa moja, na dakika za mwisho wakafungwa jingine.

Katika meli ya kurudi Sensi hakula. Wachezaji wanasimulia kwamba walimngoja Mwalimu aseme, kwa sababu kama kulikuwa na mtu hapa duniani aliyekuwa na haki ya kusema, ni yeye. Alizungumza juu ya hali ya hewa. Walipokaribia Waibalun na kuuona ule umati, Sensi alisita kwenye ngazi. Mwalimu akamshika mkono, akampita, akashuka wa kwanza. Sauti zilianza: nani aliwaambia mpande, mlikuwa na bao, mlikuwa mnatafuta nini kule mbele. Mzee akasimama gatini na fimbo yake.

"Aliyeshauri washambulie ni mimi," alisema. "Mwacheni huyu. Niulizeni mimi."

Watu walimtazama Komeo, aliyefunga mlango kwa miaka karibu thelathini, akidai kuwa ndiye aliyeufungua. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na mwingine, hadi gati zima likawa linacheka, na wengine wakafuta machozi kwa kanga zao.

"Mwalimu," akasema mzee mmoja, "umedanganya vibaya. Hata padri hawezi kukusaidia hapo."

Hasira ikawa imekwisha. Walimpokea Sensi begi lake. Kwa maisha yake yote yaliyobaki Mwalimu alishikilia kuwa amesema kweli, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Uongo huo, kama ni dhambi, ndiyo dhambi yake ambayo familia inaijua.

Figo zake zilianza kusumbua mwaka 2019. Alilazwa Larantuka mara kadhaa. Safari moja, daktari alipomwambia kuwa hali imetengemaa na kwamba anaweza kuinuka atembee kidogo, alijibu kwamba kama wanaongoza, basi wakae hapohapo. Wauguzi walicheka. Alikunywa dawa kwa saa, alikula alichoambiwa, na chumvi hakuigusa tena, yeye aliyependa samaki mkavu kuliko wali.

Alasiri ya tarehe 27 Mei mwaka huu wa 2022, upepo ukiwa mkali, aliomba apelekwe kutazama mechi ya shule yake ya zamani. Daktari alikuwa amesema asitoke. Mama Agata, ambaye tangu wameoana alikuwa akimcheka kwa uoga wake, ndiye aliyesimama mlangoni akakataa. Mzee akamwambia kwa utulivu kuwa atarudi kabla ya uji. Sensi alimpeleka kwa kiti cha magurudumu, blanketi hadi kidevuni. Shule iliongoza mbili bila, na watoto, wakiwa wamechoka, wakarudi wote nyuma kulinda hadi kipenga cha mwisho. Walishinda hivyo. Sensi alikuwa ameshaanza kukigeuza kiti waondoke, aliposikia sauti ndogo chini ya blanketi.

"Wangeweza kuongeza."

Sensi alisimamisha kiti, akazunguka mbele, akamwinamia.

"Baba, umesema nini?"

"Nimesema kuna upepo," Mwalimu alijibu. "Twende nyumbani."

Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Juni 2022, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono, baada ya kupokea sakramenti za mwisho.

Ameacha mjane, Mama Agata Kewa, watoto watatu, Yuliana Peni, Markus Kopong na Kristina Barek, pamoja na Vinsensius Lipat, aliyelelewa naye, wajukuu saba, dada yake, Mama Helena, na wachezaji wake, ambao wengi wao leo ni babu, nao wamembeba kutoka gatini hadi hapa, polepole, kama alivyopenda.

Bwana ampokee kwa upole, Mwalimu wetu, na ampe utulivu usio na mwisho. Amina.