Kahawa ya Bi Shariffa

Wasikilizaji wapendwa, leo nna mzigo kifuani. Mzee Yaqdhan bin Hatem, mtunzi wetu wa muziki, ametutoka. Amefariki Jumanne, nyumbani kwake Bawshar, hapa Maskati, akiwa na miaka themanini na mmoja. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Miaka arubaini alitunga muziki mzito, wa sherehe za taifa. Alipostaafu, mikono ikaanza kutetemeka. Basi akakaa kwenye piano akatunga vipande vifupi vya kuchekesha, dakika moja, dakika mbili. Kimoja kinaitwa "Mkwe Anatafuta Pa Kuegesha Gari". Mlikuwa mkitupigia simu mkicheka.

Lakini kimoja kilimkosanisha na dada yake, Bi Shariffa.

Bi Shariffa alikuja Maskati kutoka Unguja mwaka sabini na tatu, bibi harusi. Siku ya kwanza ukweni akapewa kahawa. Hapa kwetu mgeni akitosheka hukitikisa kikombe. Yeye hakujua. Alidhani adabu ni kumaliza. Akimaliza, anajaziwa. Akijaziwa, anamaliza. Vikombe kumi na saba!

Mzee Yaqdhan akakitungia muziki kisa hicho. Sauti ileile inarudi, inarudi, na kila ikirudi inazidi kuhema. Akakipiga Idi ya mwaka juzi, mbele ya wakwe wa dada yake. Watu wakavunjika mbavu. Bi Shariffa akachukua mkoba wake, akaondoka. Hawakusemezana tena.

Binti wa marehemu, Wadha, anatuambia kwamba baba yake alikitia kipande kile kabatini. Alisema, "Kisipigwe mpaka Shariffa mwenyewe aridhie." Kila Ijumaa baada ya sala alimpigia simu dada yake. Kila Ijumaa haikupokelewa. Hata ile ya mwisho.

Jana Bi Shariffa alikuja hapa studio.  Akanambia:

"Mwanangu, mie nlicheka. Ndani ya gari, njia nzima, nlicheka mpaka machozi yakantoka. Nkaona haya kumwambia. Kila wiki nkisema, Ijumaa ijayo ntapokea."

Amekiridhia kipande, na tutakipiga sasa hivi. Roho inaniuma, sikufichini.

Kwa Wadha, kwa Bi Shariffa na jamaa wote, Mwenyezi Mungu akupeni subira, na amrehemu mzee wetu. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna nduguyo umemnunia, usingoje muziki. Zima redio umpigie. Mimi sikasiriki.