Mama Silabi na Herufi Zilizomkimbia

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli na mshona nguo. Alijua kusoma kabla hajaanza shule. Baba yake alimbeba begani amsomee maandishi ya kwenye mabehewa. Masomo hayakumtoa jasho, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1973.

Alifundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu. Jina la Mama Silabi alipewa na wanafunzi, maana hata dukani hakumwacha muuzaji salama: "Sema vizuri, baba: su-ka-ri." Wengi mlioko hapa mlijua kusoma kupitia kwake.

Mwaka 1976 aliolewa na baba yetu, dereva wa lori, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Walijaliwa watoto wawili: mimi ninayewasomea, na mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma.

Yanayofuata mama mwenyewe alitaka yasemwe, tena bila kupambwa. Mdogo wangu hakuweza kusoma. Redio ikifa aliifufua, lakini kwenye sentensi alitambaa silabi kwa silabi, na akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka. Mwalimu wake alikuwa mama. Alimrudisha darasa mara mbili. Siku moja alimsimamisha mbele ya wenzake akasema, "Huyu si mjinga, ni mvivu. Atasimama mpaka uvivu umtoke." Darasa zima likacheka. Mdogo wangu aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu, na hata alipokuwa mtu mzima, akija nyumbani alikaa uani na baba. Sebuleni kwa mama hakuingia.

Mwaka 2007, baba akiwa ameshafariki, mama alipata kiharusi. Alichukua gazeti akadhani limechapwa kwa lugha ya kigeni. Aliongea vizuri na kuandika vizuri, ila alichoandika mwenyewe hakuweza kukisoma. Daktari wa ubongo alimweleza kuwa macho ni mazima. Njia inayopeleka maumbo ya herufi kwenye sehemu ya lugha ndiyo iliyokatika.

Mama akauliza, "Daktari, mtu anaweza kuzaliwa na shida ya kusoma, iko humo humo kichwani?"

"Wapo wengi, mama. Ubongo wao unaunganisha herufi na sauti kwa taabu. Si uvivu. Wakifundishwa taratibu, wanasoma."

Hakulia pale. Alilia kwenye gari, akirudia, "Nilimsimamisha. Mwanangu wa kumzaa, nilimsimamisha."

Akaniambia nimpeleke karakana. Mdogo wangu alizima mashine, akavua miwani.

"Nimekuja kukuomba radhi," mama alisema. "Hukuwa mvivu. Mimi sikujua, na sikuuliza."

"Mama, mimi nilijua siku zote kwamba si mvivu. Kilichoniuma ni kwamba wewe hukujua."

Kisha akamvutia kiti.

Walianza upya pamoja, wakichora herufi mezani kwa kidole, kwani mkono wa mama ulikumbuka yale ambayo macho yake hayakuyatambua tena. Mdogo wangu sasa anasoma, polepole. Mama aliwatafuta pia wanafunzi wengine aliowaita wavivu. Baadhi walimkaribisha chai. Mmoja alimfungia mlango. Nilipomwambia basi, yametosha, alinijibu, "Aliyeumia ndiye wa kusema yametosha. Si mimi, wala si wewe."

Kiharusi cha pili kilimpata mwezi Februari mwaka huu. Alifariki hospitalini tarehe 2 Machi, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wangu.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Nilipokuwa naandika haya, nilimuuliza mdogo wangu niseme nini kwa niaba yake. 

"Andika kwamba nilimsamehe," akasema. "Ila usiandike kwamba ilikuwa rahisi."

Mungu amjalie mama yetu pumziko, na moyo wake sasa utulie.