Nilijibu Hapana Mbele ya Shangazi

Mwakeye wote! Wa kanisani, Bwana asifiwe. Wa msikitini, asalaam aleikum. Na ninyi mliofuata harufu ya samaki wetu migebuka wanaokaangwa huko nyuma, karibuni pia, tena msione haya.

Nimeombwa niseme machache, kwa kuwa watafiti wamerudi hapa Mwamgongo, kama walivyoahidi, kutueleza waliyoyasikia walipozungumza na vijana. Wao watasema ya vijana wengi. Mimi nitasema ya kijana mmoja, huyu anayeshika maiki kwa mikono miwili mbele yenu. Mnacheka? Njooni mshike hii maiki muone ilivyo nzito.

Mnajua wote kwamba naitwa Nesi. Nilipokuwa mdogo nilimfunga mbuzi wa jirani bandeji ya kipande cha kitenge. Mbuzi mwenyewe hakuwa na kidonda chochote, lakini jina likanikaa. Shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, alilipenda jina hilo kuliko mimi. Kwenye boti ya kwenda Kigoma alikuwa anawatangazia abiria kwamba yeye akizeeka atachomwa sindano bure nyumbani kwake.

Basi nikasoma, nikaenda sekondari mjini, na matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nikawa nimepata ziro. Nikarudi na boti ile ile. Watu wakanipokea vizuri, "Nesi, karibu! Nesi, shika mwanangu nishushe mzigo!" Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini kila nilipoitwa Nesi, mimi nilisikia naulizwa, haya, sindano iko wapi?

Nisieleweke vibaya. Watu hupenda kusema fulani alitaka kujiua kwa sababu ya mtihani, wakajiona wamemaliza. Haikuwa mtihani tu. Kulikuwa na msiba wa mama ambao sikuwahi kuulilia. Usingizi ulikuwa umenitoroka. Marafiki niliacha kuwajibu, nao wakachoka. Mtihani ulikuja ukakuta nyumba imeshaliwa na mchwa.

Nikaanza kujiumiza mwenyewe. Namna gani, sitasema, haya si mapishi ya kupeana. Nasema tu kwamba nilianza kuvaa sweta. Sweta, jamani, ufukweni, jua la saa saba, naanika dagaa! Na hakuna aliyeniuliza ninaficha nini. Vijana wenzangu walidhani ni fasheni ya mjini. Shangazi alidhani nina homa, akanipeleka kupima malaria. Ikakosekana. Akanipeleka tena, safari hii akagombana na kipimo.

Halafu yakaja mawazo ya kufa. Nalitaja jambo hili kwa jina lake kwa sababu miezi ile hakuna aliyelitaja. Nilikuwa nawaza kwamba nikiondoka, shangazi atapumzika. Yule mwanamke aliyekuwa anabeba dagaa wa watu kichwani ili mimi nisome, niliamini kabisa kwamba atapumzika. Akili ikiugua inaongopa, tena inaongopa kwa sauti yako mwenyewe.

Ndipo watafiti wakaja. Mnakumbuka maneno yaliyozagaa? Wengine walisema ni watu wa kodi, wavuvi wetu wa usiku wakaingia ziwani mchana kweupe. Bibi mmoja, namwona yuko hapa na simtaji, alisema wanatafuta wachumba. Kumbe walikuwa wanazungumza na vijana kuhusu mambo ya moyoni, na nyumba yetu ikawa mojawapo.

Akaja dada mmoja, binti wa Kasulu, Kiha chake safi kuliko changu. Akamwamkia shangazi, akaeleza kazi yake, akaomba kwa heshima azungumze nami faraghani. Shangazi akaitikia, "Hakuna tabu, mwanangu." Akaenda jikoni. Akarudi na ugali na migebuka, akaketi katikati yetu kwenye mkeka.

Sisi tunajuana. Mgeni aachwe na mtoto bila mwenye nyumba? Ale peke yake kama mwizi? Dada wa watu akakohoa, akasema, "Mama, haya mazungumzo huwa ni ya watu wawili." Shangazi akasema, "Ndiyo, zungumzeni. Mimi nipo kimya, nawachambulia miiba."

Basi dada akauliza. Unalala vizuri? Nalala. Unakula? Shangazi akajibu, "Huyu? Anadonoa tu." Tukafika kwenye swali lenyewe. Dada akapunguza sauti, "Kuna wakati umewahi kufikiria kujiua?"

Nilimtazama shangazi. Vidole vyake vilikuwa vinatoa mwiba kwenye mnofu mkubwa kuliko yote, akausogeza upande wangu wa sahani. Nitasemaje ndiyo mbele ya mnofu ule?

Nikasema, "Hapana."

Dada aliniangalia kidogo, akala, akashukuru, akaaga. Mimi nikajiambia, ndiyo basi, aliyekuwa aulize ameshauliza.

Kesho yake niko ufukweni naanika, namwona huyo anakuja na viatu mkononi. Akasema, "Mdogo wangu, nimekuja kusaidia." Jamani, dada huyu kwa kuanika dagaa ni balaa. Aliwarundika kama anamwaga mchanga wa kujengea. Akina mama wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka, nikashangaa kusikia sauti yangu.

Tukiwa bado tunawatandaza upya, wingu likatoka upande wa Kongo. Mtu akapiga yowe. Sasa ninyi wa huku hamhitaji kuelezwa, lakini kuna wageni. Hapa kwetu mvua ikija, hakuna dagaa wa fulani. Kila mtu anaanua walio karibu naye, wawe wa rafiki, wawe wa mliyenuniana naye tangu Krismasi. Wenyewe mtatafutana jua likitoka. Basi tukakimbia, tukazoa, tukajikuta mimi na dada kwenye banda la bati la mwisho kabisa, na wenzetu wote wamekimbilia kule kwingine.

Mvua ikapiga bati. Mnaijua kelele yake, hata mtu wa pembeni yako humsikii. Dada akaniinamia sikioni, "Jana nilikuuliza vibaya! Nilipaswa tuwe wawili, nikashindwa kumwondoa shangazi yako! Nilimwogopa!"

Nikasema hata mimi namwogopa.

"Naomba nikuulize tena! Usipotaka usijibu!"

Akauliza tena, maneno yale yale, hakuyafunika nguo. Nikajibu. Akaweka mkono sikioni, "Sijasikia!"

Nikapiga kelele, "Nimesema ndiyo! Ndiyo! Hata leo asubuhi!"

Ndugu zangu, neno nililoshindwa kulinong'ona kwenye mkeka, nililipigia yowe bandani, na mbingu hazikuanguka. Dada hakushtuka wala hakunihubiria. Alinishika mkono juu ya sweta na kuniambia amefurahi kwamba nimemwambia. Nikalia. Nililia msiba wa mama palepale, nimekaa juu ya dagaa wa watu.

Mvua ilipopungua akaniambia, "Mzigo huu usiubebe peke yako, na mimi peke yangu siutoshi. Nani tumwambie?" Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo majirani hawaliamini mpaka leo. Kisha akauliza, "Jana nilipokaa pale, ulitaka kusema ndiyo?" Nikaitikia. Akajipiga paja. "Na mimi nilikuwa nakuchagulia mnofu!" Akaangua kilio, katikati ya kilio kicheko kikamtoka, tukashikana hivyo hivyo. Nikamwambia nilidhani nikifa atapumzika. Akanikamata uso kwa mikono miwili inayonuka samaki. "Nipumzikie wapi, mwanangu? Nipumzikie wapi?"

Tulipanda boti kwenda hospitali mjini, na dada alikuwa ameshatuunganisha na muuguzi wa afya ya akili. Muuguzi alinisikiliza, daktari akanipa dawa, shangazi akafundishwa vitu gani avitoe nyumbani na dalili gani azitazame. Sikupona kama taa inavyowashwa. Kuna wiki nilirudi nyuma, nikaona aibu kusema, nikasema hivyo hivyo. Mchungaji aliniombea, jirani yetu ustadhi akaniombea, na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza, "Kliniki unaenda?" Mungu awazidishie.

Nawashukuru. Namshukuru dada aliyekubali kuchekwa na ufukwe mzima ili aniulize mara ya pili. Nawashukuru akina mama wa dagaa, ambao siku nikichelewa wanatuma mtu kunitazama. Na shangazi, nikushukuru kwa lipi niache lipi? Sasa kila asubuhi ananiuliza moyo umeamkaje, na nikijibu haraka haraka ananirudisha.

Nilikuwa na hofu kama mliyo nayo wengi, kwamba ukimuuliza mtu habari za kujiua unampandia wazo. Watafiti watawaeleza waliyojifunza. Mimi nawaambia la kwangu. Wazo lilikuwepo, limeshaota, na swali lile ndilo lililonipa pa kulitolea. Mkimwona mtoto amevaa sweta juani, msikimbilie malaria peke yake. Muulizeni, na mkishamuuliza, mkae msikie.

Halafu watafiti wamenipa kazi! Wakiingia kwenye nyumba, mimi ndiye ninayemchukua mwenye nyumba. "Mama, hebu nionyeshe huo mchuzi unaupikaje." "Mzee, hebu nipeleke nione nyavu." Nakaa nao jikoni, nakula, nasifia, na huko mkekani kijana anazungumza na mgeni bila kuchambuliwa miiba. Mnaona nilivyonenepa? Ni utafiti huo.

Leo pia niko kazini. Chakula kimeiva huko nyuma. Wazazi, walezi, wazee, mashangazi wote wa Mwamgongo, inukeni twendeni tukale. Vijana, ninyi bakini hapa na hawa dada na kaka, sahani zenu tutazifunika. Atakayetaka kuzungumza azungumze, asiyetaka apunge upepo. Msihofu kusikiwa, sisi huko nyuma tutapiga kelele kama mvua juu ya bati.

Shangazi, tangulia, tunakufuata.